Betri ya Sola Isiyofika Asubuhi: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha, Kununua na Kufunga

Swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Fundi, nimenunua betri ya 200, paneli ninayo, mbona feni inasimama saa nane usiku?" Nikienda kuangalia, mara nyingi betri haijaibiwa umeme na mtu wala haina jini. Ilinunuliwa kwa namba moja tu iliyoandikwa ubavuni, yaani Ah (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri), ikafungwa kwenye paneli isiyoweza kuijaza, ikakamuliwa mpaka tone la mwisho kila usiku. Ndani ya mwaka imekufa, na mwenye nyumba anarudi dukani kununua nyingine ileile.

Inaniuma kwa sababu hela yenyewe ni ya ada, ya mavuno au ya mchezo wa kupeana. Basi tufuate hatua moja baada ya nyingine. Usiruke, hasa hesabu. Hesabu ndiyo itakayokuonyesha betri ipi ni rahisi kweli na ipi ni rahisi dukani tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kalamu, daftari na kikokotoo cha simu.
- Multimita ya dijitali, yaani kipimo cha volti. Ya kawaida inatosha.
- Balbu mbili za taa za mbele za gari, wati 55 kila moja, pamoja na waya zake.
- Spana zinazoingia kwenye nati za betri, zikiwa zimeviringishwa utepe wa umeme kwenye mpini.
- Miwani ya kukinga macho na glavu.
- Fyuzi kubwa ya DC (umeme wa betri na paneli) pamoja na kishikio chake.
- Waya mnene wa shaba wa kutoka betri hadi inveta, mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia vyombo vya nyumbani. Unene wake tutaupata huko mbele.

Ikiwa utachagua betri ya maji, ongeza magadi ya kuoshea asidi ikimwagika, na haidromita, kipimo cha uzito wa asidi ya betri.

## Hatua ya 1: Hesabu usiku wako

Andika kila kitu kitakachowaka jua likiwa limezama. Zidisha wati zake kwa saa kitakazowaka. Jibu ni wati-saa, na elfu moja ya hizo ndiyo uniti moja unayoifahamu kwenye LUKU.

Tuchukue nyumba ya kawaida. Taa 5 za wati 7 kwa saa 5 ni 175. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. King'amuzi cha wati 15 kwa saa hizohizo ni 60. Feni ya wati 50 kwa saa 8 ni 400. Simu tatu ni kama 45. Jumla ni wati-saa 880.

Inveta nayo inakula. Gawanya jumla yako kwa 0.85 upate umeme utakaotoka kwenye betri hasa: 880 kwa 0.85 ni 1,035.

Onyo: usikadirie friji kwa kusoma wati tu. Friji inawaka na kuzima, na inapowaka inavuta mara kadhaa ya wati zake kwa kitambo kidogo. Tafuta kwenye kibandiko chake matumizi ya uniti kwa mwaka, ugawe kwa 365.

Umefanikiwa ikiwa una namba moja uliyoizungushia duara. Kwetu hapa ni 1,035.

## Hatua ya 2: Punguza unachohifadhi

Kabla ya kufikiria betri, angalia kipi kati ya ulivyoandika kinaweza kufanyika mchana. Hapa ndipo watu wengi wanapoacha hela mezani.

Pampu ya maji ya wati 750 ikiwaka saa moja usiku inakula wati-saa 750, karibu sawa na nyumba nzima ya mfano wetu. Iwashe saa sita mchana, jaza tangi, usiku fungua bomba. Kwa wenye friza, ganda chupa za maji mchana, zipange kando ya vyakula, kisha zima friza saa chache za usiku bila kufungua mlango. Pasi iwe ya mchana. Hakuna betri inayoshinda betri ambayo hukulazimika kuinunua.

Wapo wanaoniuliza kuhusu kulirudisha lile tangi kuwa umeme: maji yashuke, yazungushe jenereta ndogo. Wazo ni la kweli, na ndivyo nchi zinavyohifadhi umeme mwingi. Kituo cha Ingula huko Afrika Kusini, cha megawati 1,332, kinapandisha maji bwawa la juu umeme ukiwa wa ziada, kisha kinayashusha jioni watu wanapowasha majiko. Siri yake ni mlima wa mamia ya mita na mamilioni ya tani za maji.

Nyumbani hesabu inakataa. Tangi la lita 5,000 juu ya mnara wa mita 6 limebeba wati-saa 82 tu, na hapo hatujatoa hasara za mashine. Betri moja ya lithiamu ya Ah 100, ambayo mtu mzima anaibeba kwa mkono mmoja, ina umeme wa matangi zaidi ya 15 ya namna hiyo.

Haidrojeni nayo, gesi inayotengenezwa kwa umeme kisha kugeuzwa tena kuwa umeme, kwa sasa inarudisha pungufu ya nusu ya umeme uliouingiza. Superkapasita, kifaa kingine cha kuhifadhi umeme, inajaa haraka mno lakini inabeba kidogo mno kwa ukubwa wake. Usiku mzima haiuwezi. Kwa nyumba, duka au zahanati ndogo, tubaki kwenye betri.

## Hatua ya 3: Zifahamu aina nne utakazokutana nazo

Betri ya gari. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe papo hapo. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Ukiishusha chini kila usiku, sahani zinachakaa na kumomonyoka. Usitarajie zaidi ya mizunguko kama mia ya kuishusha na kuijaza tena.

Betri ya maji ya sola. Ni risasi na asidi vilevile, ila sahani ni nene. Inataka kuongezwa maji safi ya betri, na inatoa gesi ya haidrojeni inapojaa. Ukiitunza vizuri inadumu. Ukiisahau miezi mitatu sahani zinabaki wazi na hazirudi tena.

Jeli na AGM. Hizi ndizo mafundi wengi wanaziita "drai". Ndani bado ni risasi na asidi, isipokuwa asidi haichezi. Haihitaji kuongezwa maji. Udhaifu wake ni kuchajiwa kupita kiasi: gesi ikishatoka kwenye vali hakuna njia ya kurudisha maji yaliyopotea.

Lithiamu ya chuma na fosfeti. Kwenye kasha imeandikwa LiFePO4. Ni nyepesi, inakubali kushushwa sana, na ndani ina bodi ya ulinzi iitwayo BMS inayokata umeme mambo yakiharibika. Hii siyo lithiamu ya kwenye simu. Yenyewe inastahimili joto zaidi na ni vigumu kuwaka moto, kwa hiyo kwa matumizi ya ndani ya nyumba nunua hii tu. Betri zilizokusanywa kutoka seli za laptop zilizotupwa sizipendekezi kwa mtu anayelala chumba cha pili.

## Hatua ya 4: Geuza namba yako kuwa betri

Ah iliyoandikwa ubavuni si umeme wote ulio halali yako. Betri za risasi na asidi usizishushe chini ya nusu. Ukizidi hapo, chumvi ya risasi inaganda kwenye sahani na kila usiku inakula sehemu ya uwezo. Lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 bila hofu.

Kwa risasi na asidi: 1,035 gawanya kwa 0.5 ni 2,070. Gawanya kwa volti 12, upate Ah 172. Dukani utachukua ya 200.

Kwa lithiamu: 1,035 gawanya kwa 0.8 ni 1,294. Gawanya kwa volti 12.8, upate Ah 101. Ya 100 inagusa palepale.

Hapo ndipo lilipo jibu la wale wanaosema "lithiamu ni ghali, ya 100 bei yake inazidi jeli ya 200". Kwa kazi ya usiku mmoja, hizo mbili ni sawa.

Jambo moja la kibandiko: tafuta maandishi C20 au C10 karibu na Ah. C20 maana yake uwezo ulipimwa kwa kuimaliza betri taratibu kwa saa 20. Betri ya risasi ukiivuta kwa kasi zaidi inatoa pungufu. Kwa hiyo ya 200 iliyopimwa kwa C10 ni kubwa kuliko ya 200 ya C20, hata kama makasha yanafanana.

## Hatua ya 5: Linganisha kwa bei ya uniti, siyo bei ya kasha

Hatua hii ndiyo moyo wa mwongozo huu. Kila betri ina mizunguko yake ya maisha, na unachonunua ni jumla ya umeme itakaokupa mpaka ife. Kanuni:

Bei ÷ (uniti unazotumia kwa usiku × mizunguko) = shilingi kwa uniti.

Mizunguko isome kwenye karatasi ya betri, tena kwa kiwango cha kushusha ulichokichagua. Bei hizi nimeziweka kwa mfano tu. Wewe weka za dukani kwako.

Betri ya gari ya Ah 100 kwa shilingi 300,000: kila usiku nusu yake ni uniti 0.6. Mara mizunguko 100 ni uniti 60. Kila uniti imekugharimu shilingi 5,000.

Jeli ya Ah 200 kwa 700,000: uniti 1.2 mara mizunguko 600 ni uniti 720. Kila uniti ni shilingi 972.

Lithiamu ya Ah 100 kwa 1,100,000: uniti 1.02 mara mizunguko 3,000 ni uniti 3,060 hivi. Kila uniti ni kama shilingi 360.

Soma tena hizo namba tatu. Betri iliyokuwa "ya bei poa" ndiyo ghali kuliko zote, mara kumi na nne ya lithiamu. Na mizunguko 600 ya kila usiku ni mwaka mmoja na miezi minane. 3,000 ni zaidi ya miaka minane.

Lakini sitaki utoke hapa ukidhani lithiamu inashinda kila mahali. Kama una umeme wa gridi na unataka betri ya siku unapokatika, tuseme mara mbili kwa wiki, utatumia mizunguko kama 100 kwa mwaka. Jeli nzuri, ikichajiwa na inveta muda wote na kukaa penye ubaridi, itakuhudumia miaka kadhaa, na mizunguko ya ziada ya lithiamu utakuwa umeilipia bure. Kwa anayeishi kwa jua peke yake, mimi nasema lithiamu, hata kama itabidi usubiri miezi mitatu uongeze akiba.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kumwambia muuzaji shilingi kwa uniti za betri mbili anazokuonyesha.

## Hatua ya 6: Hakikisha jua litaijaza

Betri kubwa kwenye paneli ndogo ni sawa na pipa chini ya bomba linalodondosha. Risasi na asidi ndiyo inaumia zaidi, kwa sababu kukaa nusu siku nyingi kunaiua hata kama hujaimaliza.

Betri ya risasi inarudisha kama asilimia 80 ya ulichoingiza, lithiamu kama 95. Kwa hiyo 1,035 inahitaji kuingiza 1,294 kwa risasi, au 1,090 kwa lithiamu. Hesabu saa 4 za jua kali, na robo ya nguvu ya paneli ikipotea kwa joto na vumbi: zinabaki kama saa 3, kwa hiyo gawanya kwa 3. Risasi inataka paneli ya wati 430 hivi, lithiamu 365. Vitu vya mchana vina hesabu yake juu ya hapo, na kwa masika ongeza tena.

Onyo ambalo ningeliandika kwa rangi nyekundu: paneli kubwa za kisasa za wati 450 zinatoa volti kama 41 na ampea kama 11. Ukiifunga kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) ya aina rahisi ya PWM na betri ya volti 12, kontrola inaishusha volti bila kuongeza ampea. Ampea 11 mara volti 13 ni wati 143. Umenunua 450, unapata chini ya theluthi! Paneli ya namna hiyo inataka kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Na kabla ya kuifunga, linganisha volti za juu za paneli, zilizoandikwa Voc, na kikomo cha kontrola.

## Hatua ya 7: Kagua dukani, kisha pima nyumbani

Dukani fanya mambo matatu. Kwanza nyanyua. Jeli ya Ah 200 ina kilo 55 hadi 60. Ukiiinua kirahisi, weka chini na uondoke. Lithiamu ya Ah 100 huwa na kilo 10 hadi 13. Pili soma tarehe ya kutengenezwa. Betri ya risasi iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kuzeeka. Tatu chomeka multimita: jeli mpya isome volti 12.6 au zaidi. Chini ya 12.4, omba nyingine.

Kwa lithiamu, volti haikwambii kitu, maana inabaki karibu 13.2 ikiwa nusu au karibu kujaa. Nimewahi kufungua betri iliyoandikwa Ah 100, ya mteja aliyelalamika kwamba inaisha saa tatu usiku. Chini ya mfuniko kulikuwa na vipande vya povu jeupe vimebanwa kwa uangalifu pande zote, na katikati seli nne ndogo, kila moja imechapwa Ah 30. Mama yule alisimama mlangoni na risiti mkononi. Ndiyo maana nasisitiza jaribio la balbu.

Ijaze betri mpaka kontrola iseme imejaa. Funga balbu mbili za gari moja kwa moja, ukipitisha fyuzi ya ampea 15. Ziweke juu ya tofali, mbali na pazia, kwa sababu zinachoma. Andika saa. Zinavuta kama ampea 10 zote mbili.

Umefanikiwa ikiwa lithiamu ya Ah 100 inawasha kwa saa 9 hadi 10 kabla BMS haijakata. Jeli ya 200 usiimalize: zima baada ya saa 10, iache ipumzike saa moja, kisha pima. Ikisoma 12.2 au zaidi, ni nzima. Ichaji tena siku hiyohiyo. Lithiamu ikizima baada ya saa 3, rudi dukani na daftari lako, risiti ikiwa bado ya moto.

## Hatua ya 8: Funga

Chagua mahali kwanza. Juu ya dari chini ya bati hapana, jikoni hapana. Betri ya risasi maisha yake hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25, na Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hatuna nyuzi za kuchezea. Sakafuni, ukutani upande usiopigwa na jua la alasiri, ndipo pazuri. Ya maji iwe na hewa inayotoka nje, na isikae chumba cha kulala.

Vua pete na saa. Spana ikigusa nguzo mbili za betri inayeyuka ncha na kurusha cheche, na kidole chenye pete hakichomoki kwa wakati.

Inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 100. Weka waya wa shaba wa mm² 25 hadi 35, usizidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 125 karibu kabisa na nguzo chanya. Waya mwembamba unapata moto na inveta inalia "betri iko chini" wakati betri imejaa.

Mpangilio: betri kwenye kontrola kwanza, halafu paneli. Kufungua ni kinyume chake. Paneli ikitangulia, kontrola nyingi hazijui ni betri ya volti ngapi na nyingine zinaungua.

Usichanganye betri ya zamani na mpya, wala jeli na lithiamu. Ile dhaifu itaishusha nzima.

Umefanikiwa ikiwa baada ya nusu saa ya mzigo mkubwa unagusa waya na maungio na mkono hausikii joto.

## Hatua ya 9: Weka namba kwenye kontrola

Kontrola inaweza kutoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa betri ya maji. Ukiiacha hivyo, jeli inakauka. Namba hizi ni volti, kwa betri ya volti 12; "kushikilia" ni volti ya kuitunza betri ikishajaa.

- Betri ya maji: chaji 14.4 hadi 14.8, kushikilia 13.5 hadi 13.8.
- Jeli: chaji 14.1 hadi 14.4, kushikilia 13.5 hadi 13.8. Zima chaji ya kusawazisha, iliyoandikwa "equalize".
- Lithiamu: chaji 14.2 hadi 14.4, kushikilia 13.5. Kusawazisha zima, na fidia ya joto (kontrola kubadili volti kufuata joto) zima.

Kukata mzigo weka 12.0 kwa zote. Karatasi ya betri yako ikisema tofauti, ifuate yenyewe.

## Hatua ya 10: Usiku wa kwanza

Washa vitu vyako kama kawaida. Alfajiri, kabla paneli haijaanza kazi, zima kila kitu kwa nusu saa na upime. Jeli au betri ya maji isome 12.2 au zaidi. Lithiamu angalia asilimia kwenye skrini au programu ya BMS; ibaki karibu 20. Kufikia saa tisa alasiri ya siku ya jua, iwe imejaa. Usipoona hivyo siku tatu mfululizo, rudi Hatua ya 6. Tatizo mara nyingi liko kwa paneli, siyo kwa betri.

Betri ya maji ichungulie kila mwezi. Ongeza maji ya betri, siyo asidi, na kamwe siyo ya bomba wala ya kisima.

## Betri ya zamani

Usiimwage asidi ili ipungue uzito, na usimwachie mtu aipasue uani ayeyushe risasi kwenye jiko la mkaa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na mwanawe akapatikana na risasi kwenye damu, alipigania haki ya mtaa ule mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Iuze nzima, imesimama wima, nguzo zimefunikwa utepe, kwa duka linalochukua kuukuu na kukupunguzia bei ya mpya. Ukishaishika, nawa mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto.